Likizo ndefu ya mtoto mwenye kipaji: nani anamtafuta nani?

Shule nyingi za Marekani hufungwa kwa wiki kumi hivi kati ya mwezi Juni na mwanzoni mwa Septemba, na ni katika kipindi hicho, wala si ndani ya mihula, ambapo imejengeka kwa zaidi ya miaka sitini sekta nzima inayowahudumia watoto wenye vipaji vya pekee, yaani wale ambao uwezo wao katika fani fulani, iwe ni hisabati, lugha, muziki au sayansi, umewatangulia wenzao wa rika moja kwa umbali ambao mwalimu wa darasa la kawaida hawezi kuufuata bila kuwaacha wengine nyuma. Sekta hiyo ina kambi za bweni za wiki tatu hadi sita katika vyuo vikuu, ina madarasa ya kutwa yanayoendeshwa na makumbusho na shule za mitaa, ina warsha za utafiti kwa vijana wa miaka kumi na sita na kumi na saba, na ndani yake zimo programu zisizotoza hata senti moja pamoja na nyingine zinazomdai mzazi maelfu ya dola kwa wiki chache. Mzazi anayeingia katika uwanja huo kwa mara ya kwanza hukuta majina mengi yanayofanana, ahadi zinazofanana, na tarehe za mwisho za maombi ambazo mara nyingi zimekwisha kupita kabla hajajua kuwa zilikuwepo. Kazi hii ya kutafuta, ambayo wengi huichukulia kama shughuli ndogo ya nyumbani, ndiyo chujio la kwanza la sekta yote, na ni chujio kali kuliko mtihani wowote wa kuingilia, kwa sababu huwachuja wazazi kabla mtoto hajaulizwa swali hata moja.

Kuhusu likizo yenyewe, upo usemi uliozoeleka kwamba shule za Marekani zilifungwa wakati wa kiangazi ili watoto wakasaidie kazi za shamba, lakini wanahistoria wa elimu wamekwisha kuonyesha kwamba usemi huo haushikiki, kwa kuwa mkulima huhitaji mikono ya watoto wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna, na shule nyingi za vijijini katika karne ya 19 zilifundisha kiangazi na kipupwe, zikafunga katika majira ya kati. Likizo ndefu ilitokana zaidi na miji, ambako joto lilifanya madarasa yasikalike na familia zenye uwezo zikawa zimezoea kuhama mji kwa miezi kadhaa. Jambo hili si la pembeni kama linavyoweza kuonekana, kwani likizo iliyopangwa kwa kufuata desturi za wenye nacho imeendelea hadi leo kuwanufaisha wenye nacho.

Historia ya programu za likizo kwa watoto hawa huanzia mahali pengi, lakini tukio linalotajwa zaidi ni la mwaka 1968 katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, ambako mvulana wa miaka 12 aitwaye Joseph Bates alikuwa amepewa nafasi ya kusoma kozi ya kompyuta pamoja na watu wazima, akawapita, na hatimaye akawa anawaelekeza wanafunzi wa shahada za juu matumizi ya lugha ya kompyuta ya FORTRAN. Mwalimu wake, asijue amfanyie nini, alimpeleka kwa Julian Stanley, mtaalamu wa upimaji wa kielimu, ambaye aliamua kumpa mitihani iliyotungwa kwa ajili ya vijana wanaoomba kuingia chuo kikuu, ukiwemo ule ujulikanao kwa kifupi chake kama SAT. Alama za mtoto huyo zilivuka kiwango cha kuingilia Johns Hopkins, na baada ya juhudi za kumtafutia nafasi katika shule za sekondari kushindikana, akasajiliwa chuoni hapo akiwa na miaka 13.

Alichokigundua Stanley hakikuwa mtoto mmoja mwerevu, kwa maana watoto werevu walikuwepo siku zote, bali ilikuwa ni njia ya upimaji inayoweza kuitwa upimaji wa kuvuka ngazi. Mtihani wa darasa la saba hutungwa ili utenganishe wanafunzi wa darasa la saba, kwa hiyo wale walio juu kabisa wote hupata alama tisini na kitu na kuonekana kama watu wa kiwango kimoja, ilhali mmoja wao huenda ameitangulia silabasi kwa mwaka mmoja na mwingine kwa miaka mitano; kuwapima kwa mtihani huo ni sawa na kupima urefu wa milingoti kwa rula ya mwanafunzi. Wanapopewa mtihani wa vijana wa miaka 17, wale waliokuwa wamebanana juu hutawanyika, na tofauti zao huonekana waziwazi. Mwaka 1971 Stanley alianzisha utafiti wa kuwafuatilia watoto waliobainika kwa njia hiyo, utafiti ambao baadaye ulihamia katika uangalizi wa Camilla Benbow na David Lubinski wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt na kuwafuatilia watu wapatao 5,000 katika maisha yao, na mwaka 1979 Johns Hopkins ikaanzisha kituo cha vijana wenye vipaji kinachoendesha masomo ya likizo hadi sasa. Chuo Kikuu cha Duke kiliiga mfano huo mwaka 1980, na Northwestern kikafuata baadaye kidogo.

Stanley alipendelea zaidi kuharakisha kuliko kupanua, na tofauti hii inamhusu kila mzazi anayesoma matangazo ya programu hizi. Kuharakisha ni kumwezesha mtoto kumaliza kwa wiki tatu somo ambalo shule hulifundisha kwa mwaka, ili arudi shuleni akiwa ngazi ya juu zaidi. Kupanua ni kumpa kile ambacho silabasi haina kabisa, kama vile mantiki, isimu, falsafa, nadharia ya namba au uchimbaji wa mambo ya kale, bila kumsogeza mbele katika silabasi yenyewe. Kila njia ina mahali pake, ila mtoto aliyeharakishwa katika likizo na kurudishwa kwenye darasa lile lile, chini ya mwalimu asiyetambua alichosoma, ameongezewa mwaka mmoja wa kuchoshwa, na wazazi wengi hulibaini hilo mwezi Oktoba, wakiwa wamekwisha kulipa.

Mfano mzuri wa kupanua ni programu iliyoanzishwa na mwanahisabati Arnold Ross mwaka 1957 katika Chuo Kikuu cha Notre Dame na kuhamia Ohio State miaka ya 1960, ambayo imezaa nyingine zinazofanana nayo, ikiwemo PROMYS ya Chuo Kikuu cha Boston iliyoanza mwaka 1989. Humo vijana hawafundishwi hisabati za mwaka ujao. Hupewa karatasi ya maswali kila siku kuhusu namba nzima, vitu ambavyo kila mtu hudhani anavijua, na hutakiwa kuchunguza kabla ya kuambiwa. Karatasi inaweza, kwa mfano, kumtaka mwanafunzi aorodheshe namba tasa, yaani zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, kisha aone ni zipi zinazoweza kuandikwa kama jumla ya namba mbili za mraba. Ataona kwamba 5 ni 1 na 4, kwamba 13 ni 4 na 9, 17 ni 1 na 16, 29 ni 4 na 25, 37 ni 1 na 36, lakini 3, 7, 11, 19 na 23 hazikubali kwa namna yoyote ile. Baada ya saa moja au mbili za kujaribu, pengine zaidi, atabaini kwamba, ukiiacha 2, zilizokubali zote, zikigawanywa kwa 4, hubakiza 1, na zilizokataa hubakiza 3.

Nusu ya fumbo hilo inaweza kufunguliwa na mtoto wa miaka kumi na tatu kwa mistari michache: namba shufwa ikizidishwa kwa yenyewe hugawanyika kwa 4 bila baki, namba witiri ikizidishwa kwa yenyewe hubakiza 1, kwa hiyo jumla ya namba mbili za mraba inaweza kubakiza 0, 1 au 2, lakini kamwe haiwezi kubakiza 3. Nusu ya pili, ya kuthibitisha kwamba kila namba tasa inayobakiza 1 lazima ikubali, ni ngumu mno kuliko inavyoonekana. Mfaransa Pierre de Fermat aliieleza katika karne ya 17, na ulimwengu ukasubiri zaidi ya miaka mia moja hadi Leonhard Euler alipotoa uthibitisho. Mwanafunzi huipigania kwa wiki kadhaa, akijenga zana moja baada ya nyingine, huku kijana wa chuo kikuu aliyepitia programu hiyo hiyo miaka michache iliyotangulia akisahihisha kazi yake kila siku, na kumrudishia palipo na pengo bila kumpa jibu. Kile anachokipata hakipimwi kwa mtihani wa shule, kwa kuwa shuleni hajawahi kukutana na swali lililomkatalia kwa siku tatu mfululizo, na mtoto aliyezoea kupata kila jibu kwa dakika mbili huwa hajui la kufanya siku anapokwama.

Humo pia mwanafunzi hukutana na wenzake, na mikutano hiyo haina utamu peke yake. Mtoto ambaye katika kijiji au mtaa wake alikuwa wa kwanza tangu darasa la kwanza hujikuta ghafla wa thelathini kati ya arobaini, na wanasaikolojia, hasa Herbert Marsh tangu miaka ya 1980, wamefafanua kwa kina jinsi mwanafunzi mwenye uwezo ule ule anavyojiona hafifu zaidi akiwekwa miongoni mwa walio bora. Programu zenye busara hulikabili jambo hili kwa kuondoa alama na vyeo, na kwa kuwaweka karibu walezi vijana waliowahi kulia wiki ya kwanza. Programu zisizo na busara hubandika matokeo ukutani.

Upo upande mwingine wa sekta hii unaohitaji kusemwa bila kuzungukazunguka. Vyuo vikuu vyenye majina makubwa hukodisha mabweni na kumbi zao wakati wa likizo, wakati mwingine kwa makampuni yasiyo na uhusiano wowote wa kitaaluma na chuo, na wakati mwingine vyenyewe huendesha kozi za kulipia ambazo karibu kila mwombaji mwenye fedha hukubaliwa. Mtoto hurudi na fulana yenye nembo na cheti chenye jina la chuo, na mzazi huamini kwamba mlango wa udahili umefunguka. Haujafunguka. Kozi ya kulipia, hata ikiwa nzuri, haithibitishi kipaji, na maofisa wa udahili wanalijua hilo kuliko mtu yeyote. Mzazi anayetaka kutenganisha ngano na makapi anaweza kuacha jina la chuo kando na kuuliza mambo ambayo brosha hazipendi kuyataja: nani anafundisha na anafundisha nini saa nne asubuhi ya Jumatano ya wiki ya pili, mtoto amechaguliwa kwa kazi gani aliyoifanya, nani anamlipia asiye na uwezo, na ni wangapi miongoni mwa waliohudhuria walirudi baadaye kuwa walezi. Programu ambayo vijana wake hurudi kufanya kazi humo kwa malipo madogo imejieleza yenyewe.

Kinachofaa kujulikana pia ni kwamba kadhaa kati ya programu zinazoheshimiwa zaidi hazitozi ada. Taasisi ya Sayansi ya Utafiti, RSI, iliyoanza mwaka 1984 na ambayo kwa miaka mingi imefanyika katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, MIT, huwachukua vijana wachache tu kila mwaka na kuwaweka katika maabara bila kuwadai ada ya masomo. Semina za Telluride, zilizoanza mwaka 1954, ziliwagharimia wanafunzi wake masomo, chakula na malazi. MIT pia ina programu ya MITES, iliyoanza miaka ya 1970 kwa ajili ya vijana wa jamii ambazo hazikuwa zikionekana katika uhandisi, nayo haina ada. Kwa hiyo hoja kwamba maskini hukosa nafasi hizi kwa sababu ya bei ni ya kweli nusu tu. Wengi hukosa kwa sababu hawajui, na hata wanaojua hukosa kwa sababu programu isiyo na ada bado hudai barua ya mwalimu anayemfahamu mtoto, insha, fomu, intaneti, na mtu mzima ndani ya nyumba mwenye muda wa kukaa naye mezani mwezi Januari.

Ushahidi wa jinsi chujio hili linavyofanya kazi ulipatikana katika wilaya ya Broward, jimboni Florida, ambako hadi mwaka 2005 watoto wenye vipaji walitambuliwa kwa mapendekezo ya wazazi na walimu, na mzazi mwenye uwezo aliweza kumlipa mwanasaikolojia binafsi ampime mwanawe. Mwaka huo wilaya ilianza kumpima kila mtoto wa darasa la pili kwa jaribio fupi lisilotegemea lugha, na wachumi David Card na Laura Giuliano, walioufuatilia mpango huo, walionyesha kwamba idadi ya watoto maskini, weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini waliobainika kuwa na vipaji iliongezeka sana, ingawa kiwango cha kufuzu hakikubadilishwa kwa ajili ya upimaji huo. Watoto hao walikuwepo miaka yote, wakikaa madawati yale yale, wala hakuna aliyewapendekeza. Bajeti ilipokatwa baada ya msukosuko wa uchumi na upimaji wa wote ukasitishwa, hali ilirudi ilikokuwa.

Kuna jambo lingine linalozidisha uzito wa likizo katika hesabu hii. Wanasosholojia Karl Alexander na Doris Entwisle, waliowafuatilia watoto wapatao 800 wa Baltimore tangu mwaka 1982, walihitimisha kwamba watoto wa maskini na wa matajiri walijifunza kwa kasi inayokaribiana shule zikiwa wazi, na kwamba sehemu kubwa ya pengo lao ilikua zikiwa zimefungwa. Hitimisho hilo limepingwa, hasa na Paul von Hippel, aliyeonyesha mwaka 2019 kwamba vipimo vya zamani vilikuwa na kasoro na kwamba vipimo vipya havitoi pengo hilo kwa uwazi uleule, na mwandishi makini hapaswi kuendelea kulitaja kana kwamba halikuguswa. Hata hivyo, kwa mtoto aliyeitangulia silabasi mjadala huu una uzito mdogo, kwa sababu yeye hajifunzi mengi shuleni pia. Kwake likizo ndiyo wakati pekee ambapo mtu anaweza kumpa kitu kinacholingana naye.

Miongoni mwa wanaobaki nje ya chujio ni familia zinazozungumza Kiswahili zenyewe. Katika miaka ya karibuni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imekuwa mojawapo ya nchi zilizotoa wakimbizi wengi zaidi waliopewa makazi Marekani, na wengi wao, kabla ya kufika Kentucky, Texas au Ohio, waliishi kambini Nyarugusu mkoani Kigoma au kwingineko Afrika Mashariki, wakasoma huku wakichanganya Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Mtoto wa familia hiyo anapofika darasa la sita huwekwa kwanza katika kundi la wanaojifunza Kiingereza, na uwezo wake wa hisabati, hata uwe mkubwa kiasi gani, husubiri lugha. Baba anafanya kazi ya zamu katika kiwanda cha nyama, mama anasafisha hoteli, na barua ya shule inayotaja mtihani wa vipaji, kama imeandikwa kabisa, hukaa juu ya friji pamoja na za bima. Hakuna uzembe wa mzazi hapo; mfumo umemkabidhi mtu aliyefika jana kazi ambayo hata wenyeji huajiri washauri waifanye.

Kinyume chake ni programu ya BEAM, iliyoanzishwa New York mwaka 2011 na Daniel Zaharopol, aliyezifahamu kambi za aina hii na kugundua kwamba karibu wote waliokuwamo hawakuwa watoto wa maskini. BEAM haingoji maombi. Huingia makubaliano na shule za mitaa ya kipato kidogo, hupeleka karatasi yake ya maswali shuleni, watoto wa darasa la sita wakaifanya wakiwa kwenye viti vyao, na waliofikiri vizuri huitwa kwenye masomo ya kiangazi bila ada, kisha hufuatwa mwaka baada ya mwaka hadi waingie chuo. Wakfu wa Jack Kent Cooke nao huwachagua watoto wa darasa la saba wenye uwezo na wasio na fedha, na kuwalipia kambi za likizo pamoja na mengine mengi, ingawa wao bado hutakiwa kuomba. Nchini Ujerumani, akademia ya likizo ya wanafunzi iliyopo tangu mwaka 1988 hutegemea zaidi shule impendekeze kijana, na mwalimu mkuu hupelekewa mwaliko wa kufanya hivyo. Katika njia ya BEAM na ile ya Ujerumani wajibu wa kutafuta umehama kutoka kwa mzazi, na hapo ndipo mwelekeo wa mambo hubadilika.

Kuhamisha wajibu peke yake hakutoshi ikiwa anayetafuta anaangalia kipimo kimoja. Lewis Terman wa Stanford, aliyeanza mwaka 1921 kukusanya watoto wenye akili nyingi wa California kwa majaribio ya akili, aliwapima na kuwaacha William Shockley na Luis Alvarez kwa kuwa alama zao hazikufikia kiwango, na wote wawili wakaja kupata Tuzo ya Nobel ya Fizikia, wa kwanza mwaka 1956 na wa pili mwaka 1968. Hakuna hata mmoja kati ya watoto aliowachagua aliyeipata tuzo hiyo.

Afrika Mashariki haina kiangazi cha aina hiyo, lakini ina mapengo marefu kuliko hayo. Mwanafunzi wa Tanzania anayemaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba hupata matokeo Januari na kuanza kidato cha tano Julai, yaani hukaa zaidi ya nusu mwaka nje ya darasa katika umri ule ule ambao programu za Ross na RSI huwachukua vijana, na aliyemaliza darasa la saba Septemba hungoja hadi Januari. Mapengo hayo yamejazwa na tuisheni: kozi ambazo wazazi huziita pre-form one, vituo vya kompyuta, na madarasa ya kuanza mapema silabasi ya kidato cha tano. Huko ni kuharakisha kwa maana finyu kabisa, tena kwa wenye kulipa, na kijana aliyetoka na daraja la kwanza hurudiwa mambo ambayo atafundishwa tena miezi michache baadaye. Kenya ilikwenda mbali zaidi ikapiga marufuku tuisheni ya likizo katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kwa sababu zinazoeleweka za michango isiyokwisha na watoto kuchoshwa, lakini kuzuia tuisheni hakumpatii mtoto mwenye kiu mahali pa kunywa.

Tanzania inazo shule za vipaji maalumu kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala na Tabora, ambazo wanafunzi wake huchaguliwa hasa kwa alama za mtihani wa taifa, yaani kwa kipimo cha ngazi ile ile ambacho Stanley alikiona hakitoshi. Maonyesho ya Wanasayansi Chipukizi, yaliyoanza Tanzania mwaka 2012 kwa kufuata mfano wa Ireland, yamefanya kazi bora zaidi ya kutafuta, kwa kuwa huwafikia wanafunzi wa shule za kata kupitia walimu wao na kuwapima kwa utafiti walioufanya wenyewe. Programu ya Chuo Kikuu cha Yale kwa wanafunzi wa sekondari wa Afrika, ambayo imewahi kufanyika Rwanda na haitozi ada ya mafunzo, ni nafasi nzuri, ila huombwa mtandaoni, kwa insha za Kiingereza, na kwa hiyo huwapata kwa wepesi zaidi watoto wa shule za mijini ambazo tayari zina mwalimu wa kuwasomea insha hizo.

Lipo jambo ambalo lingeweza kuanza bila kusubiri mtu wa nje. Ross, PROMYS na kambi ya hisabati iitwayo Mathcamp huchagua wanafunzi kwa maswali yanayowekwa wazi kwa yeyote, yafanywe nyumbani kwa wiki kadhaa bila saa ya kuhesabu, na karatasi za namna hiyo, zikitungwa kwa Kiswahili na Kiingereza, zingeweza kupelekwa katika shule za wilaya nzima kwa gharama ya kuzichapa. Mwalimu hatahitaji kujua majibu, kwa sababu wasahihishaji watakuwa wanafunzi wa hisabati wa vyuo vikuu, na kinachotafutwa ni jinsi mtoto alivyohangaika na swali, si kama alilimaliza. Mabweni yapo, shule za bweni hukaa tupu mwezi Juni na Desemba, maabara zikiwa zimefungwa kwa kufuli. Wiki tatu za ugali, maharage na mchele kwa vijana hamsini zina bei ambayo halmashauri huilipa kwa semina za siku mbili.

Ugumu uko kwingine. Binti wa miaka kumi na sita wa Ngara aliyemaliza kidato cha nne anahesabiwa nyumbani tangu Desemba: yeye ndiye wa kuuza duka, wa kulea wadogo, wa kuvuna kahawa msimu ukifika, na pengine ndiye aliyekwisha kutafutiwa kazi za ndani mjini. Kumwita kambini Tabora ni kumwomba baba yake atoe mikono hiyo pamoja na nauli, kwa ajili ya namba tasa ambazo hazina cheti mwishoni. Nchini Marekani nako vijana wa familia maskini huacha kambi za bure ili wakafanye kazi za likizo, na waratibu waliolielewa hilo huanza kwa kuzungumza na wazazi, kugharimia usafiri, na pale inapowezekana kumpa kijana posho inayokaribia ujira anaoukosa. Halmashauri itakayoandaa kambi ya namna hii italazimika kuanza bajeti yake na nauli na posho, kisha imtume mtu anayeaminika na familia, mwalimu wa kike wa shule ile ile ikiwezekana, akakae na baba huyo kabla ya msimu wa kahawa kuanza.